Ukajionyeshe Mapema

SOMO LA 9

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Yohana 9:1–3, Luka 13:1–5, Mambo ya Walawi 13:1–8, Marko 5:25–34, Ayubu 28:1–12, 1 Wakorintho 6:19, 20, 2 Wafalme 20:1–7, Mathayo 8:1–4.

Fungu la Kukariri: Mithali 22:3. Lisome katika Biblia yako na ulikariri pamoja na jamaa yako. Sulemani anawaweka mbele yetu watu wawili wanaokabili hatari ileile: mmoja anaiona na kujikinga, mwingine anaendelea mbele na kuumia.

Katika makanisa yetu ya Shinyanga, Kahama, Geita na Katoro, matangazo ya misiba hayakosekani. Mara nyingi sababu ya kifo hutajwa kwa maneno ya juujuu: "aliugua kwa muda mrefu", "tumbo lilimsumbua", "koo lilifunga". Nyuma ya maneno hayo mara nyingi kuna ugonjwa ambao watu huogopa hata kuutaja, nao ni saratani.

Duniani kote, saratani inayoua watu wengi zaidi ni ya mapafu. Mwaka 2022 iliua watu wapatao milioni 1.8. Hapa Tanzania hali ni tofauti. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 kwa mwaka, na vifo karibu 27,000. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo iliyoongoza: wanawake zaidi ya 10,000 waliugua na zaidi ya 6,000 walikufa. Nyingine zinazotusumbua sana ni saratani ya matiti, ya koo la chakula na ya tezi dume.

Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba kati ya asilimia 30 na 50 ya saratani zinaweza kuzuiwa, na nyingi nyingine hutibika zikigunduliwa mapema. Juma hili tutajifunza njia ambazo saratani huingilia katika kanda yetu, na kile ambacho Neno la Mungu linatutaka tufanye kabla haijachelewa.

Jifunze somo la juma hili ili kujiandaa kwa Sabato ijayo.

JUMAPILI

Ni Nani Aliyetenda Dhambi?

*Soma Yohana 9:1–3 na Luka 13:1–5. Wanafunzi walitaka kujua nini juu ya yule kipofu? Yesu aliwajibuje wale waliodhani kwamba waliokufa walikuwa waovu kuliko wengine?*

Swali la wanafunzi lingali linaulizwa vijijini kwetu, ila limebadilishwa kidogo. Hatuulizi tu "Ametenda dhambi gani?" Tunauliza pia, "Nani amemroga?" Mama anatokwa damu kwa miezi sita, baba hawezi kumeza ugali, na badala ya kwenda hospitali familia inakwenda kwa mganga kupiga ramli. Mganga hakosi jibu, na mara nyingi jibu lake ni bibi mzee mwenye macho mekundu anayeishi peke yake mwisho wa kijiji.

Sote tunajua jibu hilo limezaa nini katika kanda yetu. Bibi wengi wameuawa kwa panga kwa tuhuma za uchawi, ilhali macho yao yalikuwa mekundu kwa sababu ya moshi wa jiko la kinyesi cha ng'ombe. Kwa hiyo kufundisha chanzo halisi cha ugonjwa kunaokoa watu wawili: mgonjwa anayepelekwa hospitali, na jirani ambaye angesingiziwa.

Wapo pia ndugu zetu wenye ualbino. Giza hilihili la ushirikina limewafanya wawindwe katika mikoa yetu. Wanaosalimika na panga hukabiliwa na adui mwingine asiyezungumzwa sana, yaani saratani ya ngozi. Ngozi yao haina rangi ya kutosha kuikinga na jua, basi vidonda visivyopona hutokea usoni, masikioni na shingoni, mara nyingi wakiwa bado vijana. Tatizo lao ni jua, wala hapana laana hapo. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua huokoa maisha yao. Mafuta hayo hutengenezwa hata hapa nchini, katika hospitali ya KCMC, Moshi. Tunapopanga viti vya makambi, ndugu hawa waketi kivulini, kwa maana wao nao wameumbwa kwa mfano wa Mungu (Mwanzo 1:27).

Yesu alikataa kuutumia mnara wa Siloamu kuwahukumu waliokufa. Aliwageukia walio hai akawataka wajitazame wenyewe.

Msiba unapotokea mtaani kwako, wewe hujiunga na wanaotafuta mchawi, hunyamaza, au husema kweli kwa upole? Ni nini kinachokuzuia?

JUMATATU

Kuhani Aliyetazama Mara Mbili

*Soma Mambo ya Walawi 13:1–8. Mtu mwenye doa alipaswa kufanya nini? Kwa nini kuhani aliagizwa atazame tena baada ya siku saba?*

Mtu anayeelezwa hapa hajalala kitandani. Ana kivimbe au kipaku tu, na pengine hasikii maumivu yoyote. Hata hivyo Bwana hakusema angoje mpaka aumie. Aliagiza apelekwe kwa mtu aliyefundishwa kutazama, na kama jambo halikuwa wazi, atazamwe tena. Sheria hiyo ilihusu ugonjwa mwingine, na sisi hatumtengi mgonjwa wa saratani, kwa kuwa saratani haiambukizwi kwa kumgusa mtu wala kula naye. Kanuni tunayojifunza ni hii: jambo lililojificha litazamwe mapema.

Saratani ya shingo ya kizazi yafaa itazamwe hivyo. Karibu zote huletwa na kirusi kiitwacho HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Kirusi hicho ni cha kawaida sana, na miili ya wanawake wengi hukiondoa yenyewe. Kikikaa, kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kuleta saratani. Kwa mwanamke ambaye kinga yake imedhoofika, kama mwenye VVU asiyetumia dawa, huweza kuchukua miaka 5 hadi 10 tu. Kuanza ngono au kuolewa katika umri mdogo, kuzaa mara nyingi na kuvuta sigara huongeza hatari. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 uliitaja Shinyanga kuwa ya kwanza nchini kwa ndoa za utotoni, kwa asilimia 59. Kwa hiyo baba anayemwoza binti yake mdogo ili apate ng'ombe anamtia katika hatari ambayo huenda ikajitokeza akiwa na miaka arobaini.

Miaka hiyo 15 ni neema, kwa sababu ni muda wa kuutafuta ugonjwa kabla haujawa saratani. Mhudumu hupaka siki hafifu kwenye shingo ya kizazi, na sehemu iliyobadilika huwa nyeupe. Mara nyingi hutibiwa siku ileile. Mwanamke wa miaka 30 hadi 50 yafaa apimwe hata kama hana dalili yoyote, na mwenye VVU aanze mapema zaidi. Tangu mwaka 2018 serikali hutoa chanjo ya HPV kwa wasichana, na tangu 2024 ni dozi moja tu kwa wenye miaka 9 hadi 14. Chanjo hiyo haifungi kizazi, wala haimfundishi mtoto uasherati.

*Soma Marko 5:25–34.* Biblia haitaji jina la ugonjwa wa mwanamke huyu. Inasema tu kwamba alitokwa damu miaka kumi na miwili, akamaliza mali yake yote, kisha akaja kwa siri nyuma ya umati. Yesu hakumwacha aondoke na siri yake. Alimwita mbele za watu, wala hakumwaibisha, bali alimwita binti. Damu inayotoka nje ya siku za hedhi, baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma, isifichwe. Kadhalika uvimbe katika titi, hata usiouma.

Waume, je, mke wako akihitaji kwenda kupimwa, atapata kwako ruhusa na nauli, au maswali ya shaka?

JUMANNE

Wachimbao Gizani

*Soma Ayubu 28:1–12. Mwandishi anaieleza vipi kazi ya wachimbaji? Anawauliza swali gani baada ya kusifu ujuzi wao?*

Si rahisi kupata sura nyingine ya Biblia inayofanana hivi na Nyarugusu, Rwamagasa au Mwakitolyo. Ayubu anawaeleza watu wanaoshuka mbali na makao ya watu, wanaoning'inia, wanaopasua mwamba na kuleta nuruni kilichofichwa. Anausifu ujuzi wao. Kisha anauliza hekima inapatikana wapi, kwa maana mtu aweza kujua mahali dhahabu ilipo asijue kuilinda nafsi yake.

Watu wengi wa machimbo huogopa zebaki, na wana haki ya kuiogopa. Mvuke wake wakati wa kuchoma dhahabu huharibu neva na figo, na humdhuru mtoto tumboni. Lakini hatari ya saratani iliyothibitishwa zaidi duarani na kwenye karasha ni lile vumbi jeupe la mawe. Lina silika, ambayo tangu mwaka 1997 wataalamu wa saratani duniani wameiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani ya mapafu kwa binadamu. Vumbi hilohilo hukakamaza mapafu na kufungua mlango wa kifua kikuu. Moshi wa injini za dizeli uko katika kundi hilohilo, na mchimbaji anayevuta sigara huongeza moto juu ya moto.

Maji nayo yaangaliwe. Mwamba wa dhahabu mara nyingi hubeba arseniki, na watafiti wamekuta baadhi ya vyanzo vya maji katika ukanda wa Geita vikizidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha maikrogramu 10 kwa lita. Ukinywa maji hayo kwa miaka mingi, arseniki huleta saratani ya ngozi, ya kibofu na ya mapafu. Wala kuyachemsha hakuiondoi. Katika madimbwi na majaruba ya mpunga ya Shinyanga kuna kichocho cha mkojo, ambacho kikikaa mwilini muda mrefu bila tiba kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Damu katika mkojo, kwa mtoto au mtu mzima, ni sababu ya kwenda kituo cha afya. Dawa ya kichocho ipo.

*Soma Kumbukumbu la Torati 22:8.* Aliyejenga nyumba aliagizwa aweke ukingo juu ya dari, mtu asianguke akafa. Ukingo wa mwenye karasha ni kumwagia mawe maji ili vumbi lisitimke, kuwapa vijana barakoa zinazofaa, na kutoruhusu watoto kusaga mawe. Ukingo wa mchimbaji ni kubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto, na kutochomea dhahabu jikoni.

Kama wewe ni mmiliki wa duara au karasha, vijana unaowaajiri ni jirani zako kwa maana gani? Zaka ya dhahabu hiyo inamwambia Mungu nini juu yao?

JUMATANO

Hekalu na Moshi

*Soma 1 Wakorintho 6:19, 20. Paulo anatoa sababu gani ya kuutunza mwili? Sababu hiyo inatofautianaje na kuogopa kufa tu?*

Tumbaku ndicho chanzo kikubwa kuliko vyote vya saratani kinachoweza kuepukwa. Haidhuru mapafu pekee. Kinywa, koo, kibofu, kongosho na hata shingo ya kizazi huathirika. Ugoro na tumbaku ya kutafuna havina moshi, lakini havina usalama pia. Pombe nayo, iwe bia ya chupa au gongo, imethibitishwa kuleta saratani ya kinywa, ya koo la chakula, ya ini, ya utumbo mpana na ya matiti.

Wengi wetu tutasema, "Amina, sisi hatuvuti wala hatunywi." Lakini kiapo chetu cha ubatizo hakiishii kwenye kutumia. Kinataja pia kutengeneza na kuuza. Kahama na Ushetu ni nchi ya tumbaku. Wapo wanaoijua vizuri bei ya tumbaku kuliko ya alizeti, na kuacha zao linalosomesha watoto si jambo la kuhubiriwa kwa dakika tano na mtu mwenye mshahara. Kanisa linaloonya lina wajibu pia wa kukaa na mkulima na kumtafutia pamoja naye zao jingine na soko lake. Hata hivyo hatuwezi kuuita moshi sumu unapokuwa mdomoni mwa jirani, kisha tuuite baraka unapokuwa mfukoni mwetu.

Kuna mambo mengine ya mezani. Chai au uji unaonywewa ukiwa wa moto sana, zaidi ya nyuzi 65, unahusishwa na saratani ya koo la chakula, ambayo ni nyingi katika Afrika Mashariki. Subiri ipoe kidogo. Karanga na mahindi yaliyoota ukungu huwa na sumukuvu, ambayo hudhuru ini, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Anika juu ya turubai, kausha vizuri, na yaliyooza usiyasagie watoto uji wala usiyauze. Homa ya ini B ina chanjo, nayo imo katika chanjo za watoto wachanga. Usikose kliniki.

Tuwe waangalifu hapa. Mtu asiyevuta, asiyekunywa, asiyekula nyama, naye aweza kuugua saratani. Umri, kurithi, na mambo tusiyoyaona vina sehemu yake. Ujumbe wa afya umetolewa ili tuokoe watu, na hatuna ruhusa ya kuutumia kuwahukumia wagonjwa.

Ni jambo gani moja katika kazi yako, shamba lako au meza yako ambalo 1 Wakorintho 6:20 linaligusa leo?

ALHAMISI

Mkate wa Tini

*Soma 2 Wafalme 20:1–7. Hezekia aliomba, na Mungu akaahidi kumponya. Kwa nini basi Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu?*

Hezekia alikuwa na ahadi kutoka kinywani mwa Mungu mwenyewe, pamoja na siku ya kupona iliyotajwa. Hata hivyo tini zililetwa zikawekwa juu ya jipu, na hakuna aliyesema kwamba tini hizo zilikuwa upungufu wa imani. Luka, mwandishi wa Injili, alikuwa tabibu mpendwa (Wakolosai 4:14), wala Paulo hakumtaka aiache kazi yake ili amwamini Kristo.

*Soma Mathayo 8:1–4.* Yesu alimtakasa mwenye ukoma kwa neno. Kisha akamwagiza akajionyeshe kwa kuhani. Hata mtu aliyeponywa na Bwana mwenyewe alitumwa akatazamwe! Basi mtu anayesema, "Nimeombewa, sihitaji kipimo," anadai jambo ambalo Yesu hakulidai. Uponyaji wa kweli hauogopi kipimo. Wazee wa kanisa na waombaji wasimwambie mgonjwa aache dawa au mionzi. Wamwombee, kisha wamsindikize.

Safari ni ndefu, lakini si kama zamani. Hospitali ya Kanda ya Bugando, Mwanza, hutoa huduma ya saratani ikiwamo mionzi, hivyo si kila mgonjwa wa Kanda ya Ziwa analazimika kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Tangu Juni 2025, daraja la Kigongo–Busisi limeondoa kungojea kivuko kwa wanaotoka Geita. Kizuizi kinachobaki mara nyingi ni nauli, mahali pa kulala, na mtu wa kubaki na watoto. Hapo ndipo Wagalatia 6:2 hupata mikono. Dorkasi wana kazi hapo, na mashemasi pia.

Wengine watafika wakiwa wamechelewa. Hao nao tusiwaache. *Soma Ayubu 2:11–13.* Marafiki wa Ayubu walikosea walipoanza kueleza sababu. Siku saba walizoketi naye kimya ndizo zilizokuwa huduma yao bora. Mgonjwa wa saratani iliyosambaa ana haki ya dawa za maumivu, ya kuoshwa, ya kuimbiwa, ya kushikwa mkono. Ana tumaini la Ufunuo 21:4, na ni vyema alisikie kutoka kwa mtu aliyekaa karibu na kitanda chake.

Nani katika kanisa lako mahalia anaugua sasa, na anahitaji maombi pamoja na kitu gani kingine?

IJUMAA

Jifunze Zaidi

Mungu alianza mapema kulifundisha kanisa hili juu ya afya. Njozi ya Ellen White juu ya matengenezo ya afya ilitolewa Juni 1863, miaka mingi kabla ya madaktari kukubaliana kwamba sigara huleta saratani. Kitabu chake *Huduma ya Uponyaji* kilitoka mwaka 1905. Mwaka 1958 watafiti walianza kuwafuatilia Waadventista wa California, nao wakakuta vifo vya saratani ya mapafu vikiwa pungufu sana kuliko kwa majirani zao. Utafiti mwingine ulioanza mwaka 2002 ulihusisha watu wapatao 96,000. Waadventista hao hawakukosa saratani kabisa, kwa hiyo hatuna cha kujivunia. Tunacho cha kushukuru, na tunacho cha kushiriki na jirani.

Makuhani wa Walawi hawakuwa na hadubini wala mionzi. Walikuwa na agizo la kutazama mapema na kutazama tena. Sisi tumepewa zaidi ya hayo. Itakuwa huzuni kubwa ikiwa wale waliopewa nuru nyingi zaidi ndio watakaofika hospitali wamechelewa zaidi, kwa sababu ya aibu, ramli, au imani isiyotaka kupimwa.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika darasa lenu, orodhesheni sababu zinazowafanya watu wa eneo lenu wachelewe kupimwa. Zipi zinatokana na umaskini, zipi na hofu, na zipi na mafundisho potofu? Kanisa laweza kuondoa ipi kabla ya mwisho wa robo hii?

2. Mshiriki ametoa ushuhuda mbele ya kanisa kwamba ameponywa saratani, na ameacha kliniki. Kwa kutumia Mathayo 8:1–4, mzee wa kanisa amwambie nini, na kwa namna gani ili asimvunje moyo?

3. Mkulima wa tumbaku anataka kubatizwa. Ana watoto wanne shuleni na deni la pembejeo. Kanisa limdai nini, na limsaidie vipi?

4. Idara ya Afya na Huduma za Wanawake zawezaje kushirikiana na kituo cha afya kilicho karibu kupanga siku ya kupima shingo ya kizazi na matiti? Nani ataongea na waume? Nani atachangia nauli?

5. Bibi mmoja mtaani ametajwa na mganga kuwa ndiye aliyeleta ugonjwa wa jirani. Darasa lenu litafanya nini kabla jua halijazama?